Uvimbe wa kizazi si aibu ya ukoo

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Methali hii tunaifunza shuleni kila mwaka, tunaitungia insha, na tunawasahihisha wanafunzi kwa wino mwekundu wanapokosea maana yake. Hata hivyo, ni methali ambayo sisi watu wazima tumekataa kuitii. Nalazimika kulisema hili kwa sababu ya jambo lililotokea katika ukoo wangu mwenyewe, nami naamini limetokea, au litatokea, katika koo za wengi miongoni mwa wasomaji wa safu hii.

Khalati yangu ni mchuuzi wa vitunguu na nyanya katika soko la Kongowea. Kwa zaidi ya miaka ishirini ameamka alfajiri, malori ya kutoka bara yanapoteremsha mizigo, akanunua kwa jumla na kuuza kwa mafungu. Katika miaka sita ya mwisho, kila mwezi ulipoandama kwake, alikuwa akijifunga leso mbili ndani ya buibui, tena kwa siku tisa au kumi, ili damu isimwaibishe mbele ya wateja. Alipoulizwa mbona amedhoofu, alijibu kuwa ni chango. Na chango, kama ajuavyo kila mwanamke wa Pwani, ni neno pana linalobeba takriban kila uchungu ulio chini ya kitovu. Hatimaye alianguka pale pale penye mafungu yake. Hospitalini alikutwa na upungufu mkubwa wa damu, na skani ikaonyesha vivimbe vitano katika mji wake wa uzazi. Akaandikiwa neno moja la Kiingereza kwenye kikaratasi, kisha akaambiwa arudi baada ya wiki mbili.

Kikaratasi kile aliniletea mimi. Katika ukoo wetu mimi ndiye "daktari", ijapokuwa udaktari wangu ni wa isimu, yaani wa sauti na sarufi, wala haujapata kumponya mtu hata mafua. "Mwanangu, wewe umesoma. Nambia hii ni nini," akasema. Nikamweleza kadiri nilivyoweza kwamba ni fibroidi, uvimbe unaoota katika misuli ya kizazi, na kwamba si saratani. Alishusha pumzi. Kisha akaniuliza swali la pili, nalo ndilo lililonikosesha usingizi: "Na jee, binti yangu nimempa?"

Swali hilo halikuwa la kinadharia. Binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ameposwa. Maneno hayana miguu lakini hutembea, na habari za ile skani zilifika upande wa mchumba kabla ya khalati yangu kupona kizunguzungu. Mjumbe akaja kwa adabu zote, akanywa chai, kisha akauliza iwapo maradhi yale "ni ya tumbo lao". Posa ikawekwa kando "mpaka mambo yaeleweke". Msichana ambaye hana uvimbe wowote, ambaye hajapata kuugua kitu kikubwa kuliko malaria, akawa anatazamwa kama bidhaa yenye kasoro.

Kwa kuwa nimezoea kuyahoji maneno, nilianza na maneno. Lugha yetu ina neno "kizazi", nalo lina maana mbili kuu. Maana ya kwanza ni watu waliozaliwa katika kipindi kimoja: kizazi chetu, kizazi kijacho. Maana ya pili ni mji wa mimba wenyewe, au uwezo wa kuzaa. Kwa hivyo tunaposema "uvimbe wa kizazi", masikio ya Mswahili husikia mambo mawili kwa mpigo: ugonjwa wa kiungo, na ugonjwa unaopita kutoka kwa mama hadi kwa bintiye. Vivyo hivyo neno "tumbo" ni kiungo cha mwili, na pia ni nasaba ya upande wa mama, ndiyo maana tunasema ndugu wa tumbo moja. Yule mjumbe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akifikiri kwa Kiswahili. Lakini lugha, licha ya hekima yake, si maabara, na hapa inatupasa tuwaulize waliochunguza.

Wataalamu wanasema nini? Kwanza, uvimbe huu si ajabu wala si nadra. Uchunguzi uliofanywa nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba wafikapo umri wa miaka 50, zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi, na karibu asilimia 70 ya wanawake weupe, huwa wamepata kuota vivimbe hivi. Wengi hawajui kuwa wanavyo, kwa maana haviwaumizi. Wengine hutokwa na damu nyingi, huumwa na kiuno, hukojoa mara kwa mara kwa sababu kibofu kimebanwa, au hupata taabu ya kushika na kulea mimba. Kugeuka kwa uvimbe wa namna hii kuwa saratani ni jambo la nadra sana.

Pili, ni kweli kwamba nasaba ina mchango wake. Binti au dada wa mwanamke mwenye fibroidi ana uwezekano wa takriban mara mbili wa kuzipata kuliko mwanamke ambaye jamaa zake wa karibu hawanazo. Mapacha wa kufanana, wenye urithi mmoja, hushabihiana katika jambo hili zaidi ya mapacha wasiofanana. Tangu mwaka 2011, watafiti wa Japani walipoonyesha sehemu tatu za kromosomu zinazohusiana na uvimbe huu, zimeongezeka sehemu nyingine nyingi katika tafiti zilizofanywa Ulaya na Marekani. Kila moja ya sehemu hizo huongeza hatari kwa kiasi kidogo mno. Hakuna jeni moja ya "fibroidi" inayoweza kusingiziwa ukoo mmoja kama chapa ya ng'ombe.

Tatu, nalo ndilo jambo ambalo laiti lingefunzwa katika kila darasa, si kila kilicho cha jeni ni cha kurithi. Mwaka 1965, wanasayansi wawili nchini Marekani, Linder na Gartler, walionyesha kwamba kila kivimbe huanzia katika seli moja tu iliyoasi na kuzaa wenziwe. Mwaka 2011 watafiti wa Finland wakagundua kuwa takriban asilimia 70 ya vivimbe walivyovichunguza vilikuwa na badiliko katika jeni iitwayo MED12. Badiliko hilo lilikuwamo ndani ya uvimbe, lakini halikuwamo katika sehemu nyingine za mwili wa mwanamke huyo huyo. Maana yake ni kuwa hakuzaliwa nalo. Lilizuka katika seli moja ya kizazi chake, wala hawezi kumrithisha mtoto. Baadaye badiliko hilo lilikutwa pia katika takriban nusu ya vivimbe vya wanawake wa Afrika Kusini vilivyopimwa.

Ninapowaeleza wanafunzi wangu tofauti hii huwarejesha kwenye miswada ya tenzi zetu, iliyonakiliwa kwa mkono na kwa hati za Kiarabu. Ikiwa kosa limo katika mswada wa asili, kila nakala itakayotokana nao italibeba kosa hilo. Hiyo ni hitilafu ya kurithi. Lakini mnakili mmoja akisinzia usiku na kuandika neno visivyo katika nakala yake, kosa hilo litaonekana katika nakala yake na zitakazonakiliwa kutoka kwake, ilhali mswada wa asili unabaki salama. Fibroidi nyingi ni kosa la mnakili aliyesinzia. Kile kinachorithiwa, aghalabu, ni wepesi wa kusinzia tu.

Upo mwao mmoja wa haki ambao hatuna budi kuutaja. Familia chache huwa na hitilafu ya kurithi katika jeni iitwayo FH, iliyotambuliwa mwaka 2002. Wanawake wa familia hizo hupata vivimbe vingi wakiwa bado vijana, hutokwa na vinundu vya ngozi, na baadhi ya jamaa zao, wa kike kwa wa kiume, hupata saratani ya figo. Kila mtoto wa mzazi mwenye hitilafu hiyo ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi. Ni hali ya nadra, lakini inatufunza jambo kubwa: jeni hiyo yaweza kupitia kwa baba sawasawa na kwa mama. Nusu ya urithi wa kila binti umetoka kwa babake. Kwa hivyo anayetaka kujua hatari iliyopo katika ukoo hana budi kuuliza habari za shangazi kama anavyouliza habari za khalati, na habari za nyanya wa upande wa baba kama za yule wa upande wa mama. Ile kauli ya "tumbo lao" haina msingi katika elimu ya nasaba.

Fauka ya hayo, urithi si hatima. Umri, kutozaa, unene wa kupindukia, shinikizo la damu na upungufu wa vitamini D yote yamehusishwa na uvimbe huu katika tafiti mbalimbali. Uvimbe wenyewe hulishwa na homoni za estrojeni na projesteroni, ndiyo sababu mara nyingi husinyaa mwanamke anapokoma hedhi. Kwa nini wanawake weusi huupata mapema zaidi na kwa wingi zaidi? Jibu kamili halijapatikana, na mojawapo ya sababu za kutopatikana kwake inatuhusu sisi moja kwa moja. Makala ya kitaalamu iliyochapishwa mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika tafiti kubwa za jeni duniani, asilimia 78 ya waliochunguzwa walikuwa na asili ya Ulaya, na asilimia 2 tu walikuwa na asili ya Afrika. Ugonjwa unatutesa sisi zaidi, na vipimo wanapimwa wengine.

Wenyeji wa Pwani tuna sababu ya ziada ya kulifikiria hili. Mwaka 2023 watafiti, miongoni mwao Mkenya Profesa Chapurukha Kusimba, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mabaki ya watu wa kale kutoka miji kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Walikuta damu ya Kiafrika iliyotoka hasa kwa akina mama, na damu ya Kiasia, aghalabu ya Kiajemi, iliyotoka hasa kwa akina baba. Huo ndio mswada wetu wa asili, na haufanani na wa Finland wala wa Japani. Masimulizi ya Mombasa yanamtaja Mwana Mkisi, malkia aliyetawala kabla ya Shehe Mvita, na jina la Kongowea limefungamana na mji wake huo wa kale. Itakuwa ajabu ikiwa mahali palipohusishwa na malkia patakuwa pahali ambapo mwanamke anaona haya kutaja kizazi chake.

Waliothubutu kusema wapo. Mkenya mwenzetu Lupita Nyong'o, mwigizaji aliyeshinda tuzo ya Oscar mwezi Machi mwaka 2014, alieleza hadharani mwezi Julai mwaka 2025 kwamba mwaka ule ule wa ushindi aligunduliwa kuwa na vivimbe 30, akafanyiwa upasuaji, na kwamba baadaye viliota tena. Dunia nzima ilimwona akitabasamu na gauni lake la samawati, na hakuna aliyejua. Ikiwa mwanamke mwenye jina na uwezo kama wake alikaa kimya kwa zaidi ya miaka kumi, tusimshangae mchuuzi wa vitunguu aliyenyamaza miaka sita.

Sasa nageuka kwenu walimu, kwa kuwa mzigo huu ni wetu. Mwanafunzi wa shule ya upili hapa nchini hufunzwa urithi wa sifa katika somo la Biolojia, na hufunzwa kwa Kiingereza. Anakariri mbaazi za Mendel, anachora miraba, anapita mtihani. Akirudi nyumbani, mamake akimuuliza kwa Kiswahili kama ugonjwa wake unarithiwa, hana la kujibu, kwa sababu elimu yake na mama yake hawazungumzi lugha moja. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya, ikiwemo afya ya uzazi. Haki isiyoelezwa kwa lugha ya mwenyewe ni kikaratasi tu. Natoa wito kwa walimu wa Kiswahili na wa Biolojia wakae pamoja, walau kipindi kimoja kwa muhula, wanafunzi waeleze kwa Kiswahili fasaha maana ya jeni, seli na urithi. Si lazima tusubiri kamati ya istilahi. Maneno tunayo, tulichokosa ni ujasiri wa kuyatumia.

Kwenu wanafunzi nina kazi ya nyumbani isiyo na alama. Waulizeni mama, khalati, shangazi na nyanya zenu, kwa heshima na katika faragha, ni maradhi gani yaliyowapata na wakiwa na umri gani. Yaandikeni na kuyahifadhi. Daktari atakapokuuliza siku moja kama kuna aliyeugua hivi katika ukoo wenu, jibu lako laweza kumwokolea muda, nawe ukaokolewa taabu. Msichana ambaye hedhi yake inapita siku saba, au anayelazimika kubadilisha sodo kila saa, au anayetokwa na mabonge makubwa, asiambiwe kuwa ndio uanamke. Kwa umri wake fibroidi si jambo la kawaida, na huenda tatizo likawa jingine, kama vile damu isiyoganda vyema. Vyovyote iwavyo, apelekwe akapimwe. Mwaka 2017 sheria yetu ya elimu ilirekebishwa ili serikali iwape wasichana wa shule sodo bila malipo. Tukiweza kulitunga hilo bungeni, tutashindwaje kulizungumza sebuleni?

Na anayegunduliwa asikimbilie kila chupa inayouzwa njiani kwa ahadi ya kuyeyusha uvimbe. Aulize tiba zilizopo. Zipo dawa za kupunguza damu, upo upasuaji wa kutoa vivimbe na kuacha kizazi, na upo ule wa kukiondoa kizazi chote. Uamuzi hutegemea umri, ukubwa wa uvimbe na matamanio ya mwanamke mwenyewe, naye ana haki ya kuelezwa yote kabla ya kutia sahihi.

Wasomaji bila shaka wangependa kujua mambo yaliishia wapi. Nilikwenda mwenyewe kwa wazee wa upande wa pili, nikawaeleza haya niliyowaeleza nyinyi, pamoja na ule mfano wa mnakili aliyesinzia. Waliitika kwa adabu, wala sikujua kama wameridhika. Nilipokuwa natafuta viatu vyangu barazani, mama wa mchumba alinifuata, akanishika mkono, akaninong'oneza kuwa yeye mwenyewe aliondolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe huo huo. Mumewe alijua. Watoto wake, akiwemo huyu anayeoa, hawakupata kuambiwa. "Andika," akanambia, "ila usinitaje." Mjumbe wake alikuwa amekuja kwetu kuuliza kama sisi ni wagonjwa!

Posa iliendelea na nikahi ilifungwa. Khalati yangu alitolewa vivimbe vyake, akapumzika, na sasa amerudi sokoni, na leso yake ni moja. Lakini siyaiti hayo ushindi, kwa kuwa ndoa ile iliokolewa na siri ya mwanamke mmoja iliyovujia barazani, si na elimu.

Zamani Pwani hii kila mwari alikuwa na somo wake, mwanamke mtu mzima aliyemfunza siri za mwili bila kuona haya. Si sadfa, nadhani, kwamba neno hilo hilo ndilo tunalolitumia kwa kile kinachofunzwa darasani. Masomo wa namna ile wamepungua, na darasa halijachukua nafasi yao. Binti yake khalati yangu, yule aliyetaka kukataliwa, ameniomba nakala ya makala haya akawasomee walimu wenzake chumbani mwao. Nimempa nakala mbili, moja ni ya mama mkwe wake.